Jicho la Kaunta

Mkaguzi wa vileo wa mji ule aliitwa Bi Tepu, na jina hilo hakulichukia. Akiingia baa, kabla hajamsalimia mtu, alichomoa tepu yake ya kupimia akapima toka mlangoni hadi kaunta, toka kaunta hadi chooni, na toka chooni hadi ukuta wa jirani. Akimaliza ndipo aliposema hamjambo. Wenye baa walimwogopa kuliko polisi, maana polisi unaweza kumkaribisha kiti akakaa. Bi Tepu alikipima na kiti.

Sheria ya vileo ilikuwa ya zamani, na msimamo wake ulikuwa mmoja: leseni ni ya nyumba, si ya mtu. Kuta nne, mlango unaofungukia nje, na kaunta inayoonekana mtu akiwa mlangoni. Ukivunja ukuta, umeua leseni yako. Ukiisogeza kaunta nyuma ya nguzo, umeiua pia. Kwa miaka kumi na tisa Bi Tepu aliilinda sheria hiyo kwa tepu na kalamu, na hakuna mwenye baa aliyewahi kumzidi hata kwa sentimita moja.

Kisha mto ukapanda. Ulipanda asubuhi ya Jumapili, ukachukua daraja na nusu ya mtaa wa chini, na ulipotulia uliacha tope hadi madirishani. Wahandisi wa baraza la mji walipita na ndoo ya rangi nyekundu wakichora alama ya X kwenye kila nyumba isiyofaa kuingiwa. Baa zilizobaki huku juu nazo zilifungwa kwa amri, kwa sababu maji ya bomba yalikuwa machafu na serikali haikutaka watu wakusanyike na kunywea glasi zilizooshwa kwa maji hayo. Wiki nzima ofisi ya Bi Tepu ilijaa wenye baa waliokuja na leseni zao kwenye mifuko ya plastiki. Mmoja aliapa kwamba leseni yake ni halali kabisa, ila nyumba yake kwa sasa imesafiri na haijulikani itarudi lini.

Mtu mwingine angewaambia wasubiri. Bi Tepu alijifungia siku mbili akaandika Amri ya Dharura, kurasa mbili na robo. Kwa siku tisini, mwenye leseni angeweza kuuza chupa zilizofungwa kwa simu au mtandaoni, kutoka kwenye stoo iliyokaguliwa, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa mbili usiku. Mpelekaji angemkabidhi mnunuzi chupa mlangoni kwake, baada ya kuona kitambulisho kwa macho yake mwenyewe. Mwenyekiti wa Kamati ya Vileo alitia sahihi siku hiyo hiyo. Miji ya jirani ikaomba nakala. Bi Tepu aliwatumia, na kwenye barua akaongeza kwamba wakiwa na swali lolote yeye anayo majibu. Unyenyekevu haukuwa ugonjwa wake.

Kati ya walionusurika kwa amri ile alikuwamo wifi yake, mjane wa kaka yake mkubwa. Wifi aliendesha baa mtaa wa chini kwa miaka ishirini na miwili, na mji mzima ulimjua kwa jina la Mama Inatosha. Nyuma ya kaunta hakuwa na maneno mengi. Alitazama tu. Macho ya mteja yakianza kulegea na ulimi ukawa mzito, alipangusa kaunta mbele yake, akaweka glasi ya maji, akasema, "Leo inatosha." Hapo hapakuwa na rufaa. Alimwambia hivyo fundi bomba, alimwambia hivyo mkuu wa kituo cha polisi, na alasiri moja, miaka sita iliyopita, alimwambia hivyo mumewe.

Mumewe alichukia. Aliinuka, akavuka barabara, akaingia baa ya upande wa pili ambako hakuna aliyemtazama machoni, nao wakamuuzia. Alipotoka kurudi nyumbani, lori lilimkuta katikati ya barabara. Ilikuwa saa kumi, jua bado kali, na dereva wa lori hakuwa na kosa.

Msibani Bi Tepu hakulia mbele za watu. Alirudi kazini akaanzisha jaribio jipya la ukaguzi: mtu ajifanye mlevi, aingie baa, aagize, na baa itakayomuuzia ifungiwe mwezi mzima. Kazi hiyo alipewa dereva wa ofisi, mtu mnene na mpole ambaye hajawahi kuonja kileo maishani mwake, lakini akiigiza ulevi, walevi wenyewe wanamwonea wivu. Mjini wakamwita Mlevi wa Serikali. Baada ya miaka michache kila mhudumu alimjua kwa sura, na akipepesuka mlangoni walimletea soda.

Sasa zile siku tisini zilikuwa zinaisha Ijumaa, na Ijumaa hiyo hiyo Kamati ingekaa kuamua kama amri ife au iwe sheria ya kudumu. Kwa wenye baa wa juu halikuwa jambo la kukosesha usingizi, maana kuta zao zilikuwepo na maji yalikuwa yameshasafishwa. Kwa wifi lilikuwa jambo la kufa na kupona. Nyumba yake ilikuwa imebomolewa kwa tingatinga. Hapakuwa na ukuta wa kupima, na pasipo ukuta hakuna leseni. Amri ikifa Ijumaa, Jumamosi yeye na wafanyakazi wake wanne hawana kazi. Bi Tepu alilijua hilo, wifi alijua kwamba analijua, na hakuna aliyelitia mdomoni. Wifi hakuwahi kumwomba upendeleo, na Bi Tepu asingejua hata namna ya kuutoa.

Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, hakuipenda biashara hii ya simu. Alisema wazi kwamba Ijumaa anataka ushahidi, sifa zibaki nyumbani. Bi Tepu alimjibu kwamba ushahidi ndio kazi yake, na Jumanne asubuhi akaenda nyumbani kwa dereva.

Wauzaji waliobaki kwenye simu walikuwa kumi na mmoja: kampuni moja kubwa yenye aplikesheni na pikipiki arobaini, na wadogo kumi wa stoo na simu mbili tatu. Watu wao wa pikipiki hawakuwa wahudumu wa baa, na sura ya dereva hawakuijua. Mpango ulikuwa rahisi. Dereva angetumia laini mpya, aagize chupa moja kwa kila muuzaji kwa nafasi ya nusu saa, na kila atakayeileta amkute amelewa, kwa maana ya kikazi. Mke wa dereva, ambaye nyumbani kwake haikuwahi kuingia hata chupa tupu, alitandika magazeti mezani na kusema anafanya hivyo kwa ajili ya serikali tu. Bi Tepu alimmwagia dereva kileo kidogo kwenye kola ili anuke, kisha akaingia chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda nyuma ya pazia, fomu zake magotini.

Mtu wa pikipiki wa kwanza alifika saa nne na nusu. Dereva alikitafuta kitasa mara tatu ndipo akafungua, akaegemea ukuta, akamwita mgeni wake shemeji. Mgeni akaomba kitambulisho. Alikitazama mbele na nyuma, akakilinganisha na uso, akahesabu miaka kwa vidole, kisha akampa chupa. Tena, kwa wema, akamshika bega akamgeuza taratibu asije akajigonga mlangoni.

Wa pili akafanya vivyo hivyo, na wa tatu. Wa sita aliuliza, "Mzee, uko sawa?" na dereva akamwambia hayuko sawa hata kidogo. Yule akampa pole na chupa. Wa tisa alimkuta amekaa chini kizingitini, akachuchumaa ili watazamane, akaomba kitambulisho kwa heshima zote. Meza ikajaa. Mke wa dereva akaanza kupanga chupa sakafuni huku ananung'unika, na nyuma ya pazia Bi Tepu akaendelea kuandika ndiyo kwenye kisanduku cha kitambulisho, ndiyo, na ndiyo tena. Amri yake ilikuwa inafuatwa neno kwa neno. Hakuwahi kuona sheria inayotiiwa vizuri namna ile, na kila ndiyo aliiandika kwa kukandamiza kalamu zaidi.

Wa kumi na moja alikuwa wa wifi. Huyu naye alikuwa mtu mpya, aliajiriwa baada ya mafuriko, na hakumjua dereva wala sifa zake. Kwenye boksi la pikipiki yake iliandikwa kwa rangi ya njano: Mama Inatosha. Bi Tepu alisimama, akashika pazia kwa mikono miwili, akanong'ona peke yake chumbani, "Mkatalie." Yule mtu akaomba kitambulisho, akakisoma, akatoa chupa, akasema karibu tena.

Pikipiki ilipoondoka Bi Tepu alitoka chumbani, akakaa kwenye kiti cha pekee kisichokuwa na chupa, akaisoma Amri ya Dharura toka mwanzo hadi mwisho kama vile imeandikwa na adui yake. Umri ulikuwemo. Saa zilikuwemo. Stoo ilikuwemo, na upana wa mlango wake. Mlevi hakuwemo popote. Akaikumbuka sheria ya zamani kifungu kwa kifungu, maana aliijua kwa moyo, na humo pia mlevi hakuwemo. Hata ile adhabu yake ya kufungia baa mwezi mmoja aliitoa kwenye kifungu cha kaunta, kwamba muuzaji awe amesimama pale na anaona. Hakuna aliyewahi kuandika anaona nini. Kila mtu alijua. Naye kwa kurasa mbili na robo alikuwa ameiondoa kaunta pamoja na jicho lake, bila kugundua kwamba kuna kitu kimekosekana. Kosa kama hilo mtu wa kawaida asingeweza kulifanya. Lilihitaji mtu aliyezoea kupima baa miaka kumi na tisa.

Dereva alikuwa jikoni akiosha kola yake. Alirudi, akatazama fomu ya mwisho, akakohoa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hii ya kumi na moja wanaweza kuandika kuwa mteja hakupatikana nyumbani. Mambo kama hayo hutokea. Isitoshe, alisema, damu nzito kuliko maji.

Bi Tepu alimtazama mpaka yule bwana akaanza kukunja magazeti ambayo hayakuhitaji kukunjwa. Alimwambia kwamba damu anayoisema ilimwagika barabarani saa kumi za jioni kwa sababu kuna mtu aliuza bila kutazama. Akaandika ndiyo kwenye kisanduku cha kumi na moja, akatia sahihi.

Jumatano asubuhi alikwenda kwa wifi mwenyewe, kabla habari hazijafika kwa miguu ya wengine. Stoo ilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana ya mbao: makreti yamepangwa hadi darini, meza moja, simu mbili zinazochajiwa kwenye soketi moja, na feni iliyopuliza vumbi la randa toka kwa jirani. Wifi alikaa mezani na penseli sikioni. Alimkaribisha, akamsukumia kreti tupu akalie. Bi Tepu hakukaa. Alimweleza yote, toka kola hadi karibu tena.

Wifi alikasirika kwanza, kama ilivyotarajiwa. Alimuuliza kama baada ya miaka yote ile ndugu mmoja tu aliyembakia ndiye wa kumtegea mtego. Kisha hasira ikakatika ghafla.

"Alikuwa ananuka?" akauliza.

"Tulimmwagia kwenye kola. Alikuwa ananuka tangu getini."

"Na mtu wangu akampa."

"Akampa, wifi."

Wifi aliitoa penseli sikioni akailaza mezani. Alieleza, bila kujitetea, jinsi mambo yalivyo. Oda zinaingia kwa maandishi. Mtu wa pikipiki analipwa kwa chupa iliyopokelewa, akirudi nayo hapati kitu, kwa hiyo hawezi kuwa na macho ya kutazama anayepokea. Na yeye mwenyewe kutwa nzima yuko humu ndani na feni. "Mimi hapa naona namba tu," alisema. "Namba haina macho mekundu." Simu moja ikalia oda. Hakuishika. "Utaniandika?"

"Nimeshakuandika."

Wifi alitikisa kichwa polepole, akainuka, akafungua mlango uliokuwa tayari wazi nusu. Akamwambia basi aende, yeye ana oda. Bi Tepu akatoka. Njiani aliumia, na hakuna haja ya kulipamba hilo: aliumia sana, kwa sababu katika dunia nzima mtu pekee ambaye aliogopa kumpoteza ni yule. Lakini hakujuta. Alifika ofisini, akafunga mlango, akaanza kuandika upya.

Ijumaa ukumbi wa baraza ulijaa. Kamati ya watu saba ilikaa kwenye meza ndefu, wauzaji kwenye mabenchi, na mwakilishi wa kampuni kubwa, kijana wa suti, alikaa mbele na kompyuta yake mapajani. Wifi alikaa benchi la nyuma kabisa. Hakumtazama Bi Tepu, na Bi Tepu alipopita hakumsalimia, maana hakutaka salamu ije ionekane ni ombi.

Bi Tepu alisimama akasoma matokeo bila kupunguza wala kuongeza. Oda kumi na moja, vitambulisho kumi na moja vimeangaliwa, chupa kumi na moja zimekabidhiwa kwa mtu asiyeweza kusimama. Mabenchi yakaguna. Mwenyekiti akauliza hao kumi na mmoja ni akina nani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua kuna jina halitatajwa. Bi Tepu aliwasoma mmoja mmoja, kampuni kubwa ikiwa ya kwanza. "Wa kumi na moja," alimaliza, "ni Mama Inatosha, ambaye ni wifi yangu."

Mwenyekiti alivua miwani. Alimtazama, akatazama benchi la nyuma, akaivaa tena. Alisema sheria ni msumeno kweli, na tangu dakika hiyo akaacha kumsikiliza Bi Tepu kama mshitakiwa. Mwanasheria wa baraza aliongeza kwamba kwa kuwa amri haikumtaja mlevi, hakuna muuzaji aliyeivunja, na hakuna anayeweza kufungiwa.

"Kwa hiyo jaribio lako limeiua amri yako," Mwenyekiti alisema.

"Limeonyesha ilipovunjika," Bi Tepu alijibu. "Kosa ni langu. Niliandika kila kitu nilichozoea kupima na nikaacha kitu kimoja ambacho sijawahi kupima. Nimekuja na dawa yake."

Akaisoma. Muuzaji asipeleke chupa kabla hajaongea na mnunuzi kwa sauti, si kwa maandishi, maana ulimi mzito husikika hata kwenye simu mbovu. Mpelekaji akimkuta mtu amelewa akatae, na akirudi na chupa alipwe kama aliyeikabidhi. Na leseni ya kuuza hivi iwe ya muuzaji mwenyewe, si ya nyumba, ili anayeacha kutazama ajue anachopoteza. Alisoma kwa sauti yake ya siku zote, ile inayowafanya watu wasogeze viti ukutani kabla hajaomba. Wajumbe wawili walianza kuandika. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

Ndipo kijana wa suti akaomba nafasi. Hakuwa mtu mbaya wala hakuwa mjinga. Alisema kampuni yake iko tayari kupiga simu na iko tayari kuwalipa wanaorudi na chupa. Shida ni moja. Mteja akikataliwa kwao, ndani ya dakika moja anaagiza kwa mwingine, naye ana wengine kumi wa kuchagua. Muuzaji makini atakuwa amepoteza mteja, mlevi atakuwa amepata chupa, na hakuna aliyeokolewa. Aliuliza, kwa heshima, kama mheshimiwa mkaguzi ana jibu.

Bi Tepu alifungua mdomo. Hakuwa na jibu. Mara ya mwisho hilo kumtokea alikuwa darasa la tano. Alitazama karatasi zake, akazigeuza, na nyuma hapakuwa na kitu. Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Mjumbe mmoja alikuwa ameanza kukunja daftari.

Kwenye benchi la nyuma wifi alisimama. Hakuomba nafasi.

"Anachosema huyu kijana ni kweli," alisema. "Mimi nimekataa watu miaka ishirini na miwili. Wote walinitukana, na kesho yake wakarudi, wengine na samahani. Mmoja hakurudi. Nilimwambia inatosha, akavuka barabara, wakamuuzia."

Ukumbi wote ulijua anamsema nani.

"Wa upande wa pili hakumjua. Aliona mteja. Na mimi sikuwa na namna ya kumwambia asimpe. Ningesimama mlangoni nipige kelele? Nimejiuliza hilo miaka sita, na jibu lake ni ndiyo, ningepiga kelele." Aliivuta kanga yake begani. "Leo tuko kumi na mmoja na kila mmoja ana simu mkononi. Nikimkatalia mtu, namba yake iwafikie wenzangu kumi kabla hajamaliza kunitukana. Asiuziwe na yeyote mpaka asubuhi. Sasa barabara inaweza kufungwa. Andika hivyo, wifi."

Bi Tepu aliandika. Alilia pia, mbele ya Kamati nzima, bila kujifuta na bila kujificha, na mwandiko haukupinda. Kwa miaka sita alikuwa akiwatuma walevi wa uongo mjini kumtafuta mtu wa kulaumiwa upande wa pili wa barabara, na kumbe swali la wifi lilikuwa kubwa kuliko lake.

Mwanasheria alitaka iwe namba tu, bila jina, na ifutwe kila asubuhi, ili mtu asigeuzwe mlevi wa kudumu kwa siku moja mbaya. Wifi alisema hata yeye hakuwahi kumnyima mtu siku mbili. Kijana wa suti, ambaye alikuwa ameshaanza kubonyeza kompyuta yake, alisema jambo hilo ni kazi ya siku moja na kampuni itawaunganisha wadogo bure. Bi Tepu akasoma kifungu cha nne kwa sauti. Mikono ikainuka sita, na baada ya kufikiri kidogo ukainuka na wa Mwenyekiti.

Watu walitoka wakiongea wote kwa pamoja. Bi Tepu alikusanya karatasi zake bila haraka, akamkuta wifi amekaa kwenye ngazi za nje, viatu amevua, anajipepea kwa barua ya mwaliko. Akakaa ngazi hiyo hiyo. Barabarani magari yalipita.

"Jumatano nilikufukuza," wifi alisema.

"Ulikuwa na oda."

"Sikwenda kuishika ile oda. Nilikaa nikalia, kisha nikampigia yule mteja nikamwomba radhi." Akacheka kidogo, akaacha. "Wifi, kungekuwa na kifungu hiki siku ile, namba ya kaka yako ingekuwa ya kwanza kutumwa."

"Angetutukana."

"Angenitukana mpaka majirani watoke nje," wifi alisema. "Kisha angelala. Na asubuhi angeamka, kichwa kinamgonga, ananiuliza viatu vyake nimeviweka wapi."